Somo: Siku ya kupimwa mapafu, hatua kwa hatua

Mtu anayeishi na pumu, na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, au na makovu ya mapafu yaliyoachwa na kifua kikuu, mara nyingi huwa amekwisha kupigwa eksirei ya kifua na kubanwa kidole kupimwa oksijeni mara kadhaa kabla hajatumwa kwenye spirometria, yaani kipimo cha kupuliza pumzi ndani ya mashine iitwayo spirometa. Vipimo hivyo viwili vina kazi yake, lakini havionyeshi hewa inatoka mapafuni kwa kasi gani, ndiyo maana mtu aliyeketi anaweza kusomeka oksijeni asilimia 97 na bado ngazi chache zikamshinda. Kazi yangu ni kuwapima watu kwa spirometa, na jambo ninalotamani kila mmoja alijue kabla hajaingia ni kwamba mashine hiyo haina cha kusoma isipokuwa pumzi uliyoisukuma mwenyewe. Ukiizuia nusu, karatasi itaonyesha mapafu mabovu kuliko uliyo nayo, na pengine utaandikiwa dawa usiyoihitaji.

Hatua ya kwanza: swali la dawa, siku kadhaa kabla

Muulize daktari aliyekutuma kama anataka kutafuta ugonjwa au kufuatilia ugonjwa unaojulikana, kwa kuwa majibu hayo mawili yana maandalizi tofauti. Anayefuatiliwa mara nyingi huambiwa atumie dawa zake kama kawaida. Anayetafutiwa ugonjwa husitishiwa dawa za kutanua njia za hewa: zile za muda mfupi kama salbutamoli kwa saa 4 hadi 6, na zile zinazodumu kutwa nzima kwa siku moja hadi mbili kutegemea aina. Dawa ya kuvuta yenye steroidi peke yake haina haja ya kusitishwa. Usisitishe chochote kwa uamuzi wako mwenyewe, na ikiwa kifua kitakubana usiku wa kuamkia kipimo, vuta dawa yako bila kusita, kisha uandike saa uliyoivuta. Kipimo kinaweza kusogezwa siku nyingine, pumzi haisogezwi.

Katika mazungumzo hayo hayo, taja kama karibuni umepata shambulio la moyo, umefanyiwa upasuaji wa jicho, ubongo, kifua au tumbo, umekohoa damu, au una homa na makohozi mapya. Kupuliza kwa nguvu hupandisha shinikizo kifuani, kichwani na machoni, kwa hiyo baadhi ya watu hulazimika kusubiri wiki kadhaa.

Hatua ya pili: asubuhi yenyewe

Usivute sigara wala kufanya mazoezi mazito katika saa moja ya mwisho, usinywe pombe katika saa 8 za mwisho, kula kidogo, na vaa nguo isiyobana kifua wala tumbo. Meno ya bandia yanayokaa vizuri yaache mdomoni, kwani midomo huufunga mrija vizuri zaidi ikiwa na meno ya kuishikilia.

Hatua ya tatu: kimo na umri

Utavuliwa viatu na kupimwa kimo. Mashine hulinganisha pumzi yako na ya watu wenye afya wa umri, jinsia na kimo chako, na sentimita chache za makosa zinaweza kuibadili asilimia itakayosomwa. Asiyeweza kusimama wima hupimwa urefu wa mikono ikiwa imenyooshwa pande mbili.

Hatua ya nne: kupuliza

Utaketi wima, miguu yote miwili chini. Pua itabanwa kwa kibanio laini, nawe utaweka mrija mdomoni juu ya ulimi na kuufunga kwa midomo pande zote. Nitakuambia uvute pumzi mpaka isiingie nyingine, na papo hapo upulize kwa nguvu zako zote, kwa ghafla, kama mlango unaofunguliwa kwa teke. Kisha usiache. Hapa ndipo wengi hukosea: baada ya sekunde mbili au tatu huhisi wamekwisha, lakini kwenye kioo cha mashine mimi naona mstari bado unapanda polepole, maana mirija ya hewa iliyosinyaa huachilia hewa kidogo kidogo. Ndiyo sababu utanisikia nikipaza sauti, “Endelea, endelea, endelea,” mpaka mstari ulale, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyeziba linaweza kuchukua sekunde 10 au hata 15. Sauti hiyo haina ukali wowote ndani yake. Daktari wa upasuaji Mwingereza, John Hutchinson, aliyekieleza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846, alitumia kengele iliyopinduliwa ndani ya maji, nayo pia ilihitaji pumzi itolewe yote hadi mwisho.

Utarudia angalau mara tatu, na utapumzika kila baada ya mpulizo. Kizunguzungu kidogo, kikohozi na uchovu ni mambo ya kawaida. Giza machoni au maumivu ya kifua si ya kuvumilia, inua mkono tusimame.

Hatua ya tano: dawa, kungoja, kupuliza tena

Mara nyingi utapewa salbutamoli, kwa kawaida mivuto 4 mmoja baada ya mwingine kupitia kopo la plastiki, kisha utakaa kama dakika 15. Mikono inaweza kutetemeka na moyo kwenda mbio kwa muda mfupi. Mizunguko ya kupuliza inarudiwa ili kuona kama njia zimefunguka.

Hatua ya sita: karatasi

Tafuta kwanza FVC, yaani hewa yote uliyoitoa, na FEV1, yaani ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Aliyetoa lita 3 kwa jumla, na lita 1.5 katika sekunde ya kwanza, ana uwiano wa 0.50. Uwiano ulio chini ya 0.70 hata baada ya dawa huashiria kuziba kusikofunguka kikamilifu. Binafsi huwa naomba namba hiyo isomwe pamoja na umri, kwa sababu uwiano hushuka kadiri mtu anavyozeeka, na mzee mwenye afya anaweza kuonekana mgonjwa ilhali kijana mgonjwa anapita. Ikiwa FVC ni ndogo na uwiano ni mzuri, huenda mapafu hayatanuki vya kutosha. Hapo utatumwa kwenye kipimo cha ujazo wa mapafu, unachofanyiwa ukiwa ndani ya kibanda cha kioo, au kile cha kubana pumzi kwa sekunde 10 ili kuona gesi inavyovuka kuingia kwenye damu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naona haya kuuliza. Nikipuliza kwa nguvu mkojo hunitoka, na mara iliyopita nilijizuia.

Jibu: Mama, umefanya vema kuuliza, kwa maana wanawake wengi hupatwa na hali hiyo, na karibu wote hunyamaza. Kujizuia kwako ndiko kulikoipunguza pumzi. Nenda msalani kabla ya kuanza, vaa pedi, na umwambie mpimaji mapema; mimi nikiambiwa humpa mtu muda zaidi kati ya mipulizo.

Swali: Nilirudishwa kupuliza mara 8, halafu nikaambiwa nije siku nyingine. Je, mashine ilikuwa mbovu?

Jibu: Si lazima, kaka. Tunahitaji mipulizo miwili bora isiyotofautiana zaidi ya mililita 150, na kwa mtu mzima kwa kawaida hatuvuki mara 8 kwa sababu misuli huchoka na namba zinaanza kushuka. Kikohozi katika sekunde ya kwanza peke yake hutosha kuufuta mpulizo mzima.

Swali: Mwanangu ana miaka 4 na anakorota kifuani. Anaweza kupimwa?

Jibu: Watoto wengi huweza kuanzia miaka 5 au 6. Kabla ya hapo daktari hutegemea zaidi historia, kusikiliza kifua, na jinsi mtoto anavyoitikia dawa.

Swali: Majibu yangu ni ya kawaida, lakini usiku kifua kinapiga filimbi. Nimeambiwa sina kitu.

Jibu: Pumu huja na kuondoka, na kipimo cha siku njema hakiifuti. Omba kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia kasi ya pumzi, upulize mara tatu kila asubuhi na kila jioni kwa wiki mbili, kabla ya kuvuta dawa, na uandike namba kubwa kuliko zote tatu. Kwa mtu mzima, tofauti ya kila siku ikizidi asilimia 10 kwa wastani, huo ni ushahidi wa kumwonyesha daktari. Pembeni ya namba andika pia zile saa za usiku unapoamka kwa filimbi hiyo, na uende na daftari lenyewe.