Ukiweka breki za diski, mpira wa breki upimwe magurudumu yakining'inia

Wewe mwenye Land Rover Series hapa Nakuru, ukitoa dramu za mbele na kuweka diski, usivute paipu za breki za zamani kwa nguvu ili zifike. Pinda mpya. Mimi hutumia ya shaba iliyochanganywa na nikeli, inchi 3/16: hupindika kwa mkono na haishiki kutu. Shaba tupu hapana. Mtikisiko huifanya iwe ngumu mpaka ipasuke. Paipu mpya ipitishe ubavuni mwa chesisi, mbali na ekzosi, na uifunge kwa klipu kila sentimita 30 hivi.

Kazi yenyewe iko kwenye mipira ya breki, ile laini inayopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye paipu hadi gurudumuni. Inua chesisi kwa jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie, kisha zungusha usukani kulia hadi mwisho, halafu kushoto. Mpira usivutike wala kugusa tairi. Shusha gari, rudia tena. Nalisisitiza hili kwa sababu wangu uliliwa na tairi polepole, na siku nashuka Menengai pedali ikazama hadi chini. Sitaki yakupate.

Ukishatoa hewa yote kwenye breki, kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie, mwenzio akipapasa kila nati ya paipu kutafuta unyevu.