Rudini Pale Pale: namna ya kuwafundisha watoto nje, chini ya mti mmoja

Kila nikialikwa kuwasaidia walimu au walezi kuanzisha vipindi vya nje, swali la kwanza huwa lile lile: tuwapeleke wapi? Wengi hufikiria msitu mkubwa, mlima, basi la kukodi. Mimi huwaambia wawapeleke mahali wanapofika kwa miguu, na wiki ijayo warudi pale pale. Mti mmoja wenye kivuli unatosha. Ukingo wa uzio ambao haujafyekwa unatosha, hata kona ya uwanja inayorundikwa majani makavu. Safari ya mbali ina raha yake, siikatai. Lakini mtoto hawezi kugundua kwamba kitu kimebadilika kama hajawahi kukiona kilivyokuwa mwanzo, na kugundua mabadiliko ndiko kujifunza ninakokutafuta.

Kabla ya kupeleka watoto, nenda mwenyewe, tena saa ile ile mtakayokuwa huko. Anza kwa kuangalia juu: matawi makavu yanayoning'inia, nyuki, viota vya nyigu. Kisha angalia chini: vigae vya chupa, misumari, mashimo, mimea inayowasha. Maji yoyote yaliyo karibu yahesabu kuwa hatari, hata yakiwa ya kina kifupi, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini. Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Waulize wazazi nani ana pumu, nani hudhurika akiumwa na nyuki, na dawa yake ibebwe na mtu mzima anayejua kuitumia. Kwa watoto walio chini ya miaka saba mimi sitoki bila mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita. Wakiwa wengi kuliko hapo unaishia kuchunga, hufundishi.

Siku ya kwanza msifanye lolote kubwa. Fungeni vitambaa vya rangi kwenye miti au vijiti vya mpakani, kisha tembeeni na watoto kuuzunguka mpaka wote, polepole, wakivigusa vile vitambaa. Wafundishe ishara moja tu ya filimbi: mlio mrefu, kila mtu anarudi chini ya mti. Fanyeni mazoezi yake mpaka uwe mchezo. Mtoto anayejua mwisho wa mahali pake huachia mwili, hucheza bila kugeuka kila mara kumtafuta mwalimu.

Kuhusu mvua, manyunyu hayadhuru, na watoto wakishavaa ipasavyo huyapenda kuliko sisi. Radi ni jambo jingine. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu. Ngurumo ikisikika kabla hujafika 30, ingieni ndani ya jengo mara moja, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Siku hiyo mti wenu si mahali pa kujikinga. Watoto waambiwe hivyo waziwazi, kwa sababu ndiko watakakokimbilia.

Kukaa kimya

Kila kipindi changu huanza kwa kukaa. Kila mtoto huchagua mahali pake ndani ya mpaka, mbali kidogo na mwenzake, na hapo patakuwa pake kila wiki. Kwa wenye miaka mitano, dakika mbili zinatosha. Wenye miaka kumi wanaweza kufika dakika kumi baada ya majuma kadhaa. Usiwalazimishe kufumba macho, wapo wanaoogopa. Wape kazi ndogo: kwa kila sauti unayoisikia, kunja kidole kimoja. Mara ya kwanza watakunja vidole vyote kwa kusikia wenzao wakicheka. Subiri. Usiwakemee. Wiki ya tatu au ya nne utaanza kuona mtoto amekunja kidole kwa sauti ambayo wewe mwenyewe hukuisikia.

Wakirudi duarani, usiwaulize wamejifunza nini. Swali hilo huwafanya watafute jibu la kumfurahisha mwalimu. Uliza: umeona nini? Na akijibu, nyamaza kidogo kabla ya kuuliza tena. Kimya hicho ni kigumu kwetu watu wazima, tumezoea kukijaza maelezo. Naamini ndicho chenye kazi kubwa kuliko kifaa chochote utakachobeba.

Mraba wa kamba

Vifaa vyangu ni vichache: daftari, penseli, kioo cha kukuzia, na kamba ya mita nne kwa kila kundi la watoto watatu. Funga ncha za kamba, iweke chini, vuta pembe nne: tayari mna mraba wa mita moja kila upande. Kazi yao ni kuchunguza kila kilichomo. Wahesabu miguu. Mwenye sita ni mdudu, mwenye minane ni wa jamii ya buibui. Jongoo na tandu huwachanganya wengi, basi waonyeshe pingili za mwili: jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili, tandu ana jozi moja. Jongoo hula majani yaliyooza. Tandu huwinda na anauma, kwa hiyo tunamtazama kwa macho tu. Mkitaka kuangalia chini ya gogo, mtu mzima alivute upande wake, ili gogo libaki kati yake na chochote kitakachotoka. Mkimaliza, lirudisheni lilivyokuwa. Ile ni paa ya wenyewe.

Mkibahatika kukuta sisimizi wakipita kwa mstari juu ya jiwe au ukuta, acheni mengine yote. Mwambie mtoto mmoja apitishe kidole kukata ule mstari, asugue kidogo, kisha wote watazame. Sisimizi wa kwanza anafika pale, anasita. Anapeleka vipapasio huku na huku, anageuka, anagongana na anayemfuata. Muda si mrefu kunakuwa na msongamano pande zote mbili, mpaka mmoja anajaribu kuvuka, na wengine wanamfuata. Niliwahi kuwa na mtoto wa miaka saba, mkimya mno darasani, akapiga kelele: “Mwalimu, wamepotea!” Nikamuuliza walikuwa wanafuata nini. Hakujibu. Alikinusa kidole chake. Alikuwa amekaribia kabisa: sisimizi huacha harufu chini ili wenzao waifuate, na kidole chake kilikuwa kimeifuta. Ningelieleza jambo hilo kwanza, yeye asingepata nafasi ya kukinusa kidole.

Majaribio mengine ni rahisi na yanafaa kurudiwa majira tofauti. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa, acha itulie: mchanga hushuka ndani ya dakika chache, udongo laini zaidi huchukua saa nyingi, udongo wa mfinyanzi unaweza kuyaacha maji yakiwa na tope hata kesho yake, na vipande vya majani huelea juu. Funika tawi lenye majani kwa mfuko unaoonyesha ndani, ufunge mdomo wake, na baada ya saa moja au mbili za jua mtaona matone ndani. Hapo watoto wanaona kwa macho kwamba mti hutoa maji hewani. Kijiti kilichosimamishwa wima, na jiwe linalowekwa kila saa kwenye ncha ya kivuli chake, kitawapa somo la hesabu la siku nzima.

Mzazi anayesema muda unapotea

Yupo kila mahali, na wasiwasi wake ni wa upendo, ajibiwe kwa heshima. Mimi humweleza utafiti uliofanywa katika shule za msingi za Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015. Watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali walikuwa kama asilimia 30, na katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa kama asilimia 40. Mwanga wa nje una nguvu mara nyingi kuliko wa darasani, na wataalamu wanaamini hiyo ni sehemu kubwa ya sababu.

Kwa watu wazima huwa nawatajia utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliohusisha watu karibu 20,000. Waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha, iwe walizipata kwa mkupuo au kidogo kidogo. Haithibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, lakini inanitosha kumwambia mtu: njoo ukae nasi.

Na waje kweli. Kipindi cha watoto kikishazoeleka, kifungueni mara moja kwa mwezi kwa majirani, hasa wazee na wanaopitia huzuni. Mzee apewe kazi, asiwekwe kiti cha mgeni: ataje majina ya mimea anayoijua, watoto wayaandike. Aliyefiwa usimwombe azungumze. Mpe mche wa kupanda au majani ya kuchambua. Nimeona mara nyingi watu wakifunguka mikono yao ikiwa na shughuli na macho yao yakiwa chini, wakati kwenye duara la viti wangenyamaza. Mtoto asiyeona awaongoze wenzake kutambua miti kwa kugusa magome na kunusa majani. Anayetumia kiti cha magurudumu aletewe udongo mezani kwa kimo chake, mraba wa kamba uwekwe pale pale.

Kabla ya kuondoka, hesabu watoto, kagua kupe nyuma ya masikio na kwenye soksi, okoteni takataka hata zisizo zenu. Nawisheni mikono kwa sabuni kabla mtu hajagusa chakula. Kisha kila mtoto aandike au achore kitu kimoja atakachokitafuta wiki ijayo, na daftari libaki kwako mpaka mtakaporudi.