Samaki mpya wa maji ya chumvi hataki kula, na zile aiptasia zinazoota kwenye mawe

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nimenunua kangaja (samaki aina ya tang) nikamtia kwenye tanki, leo siku ya pili hajagusa chakula, nifanyeje? Mi huwa nasema kwanza usifanye kitu. Huyo samaki juzi alikuwa mwambani huko pwani, akashikwa, akakaa kwenye ndoo, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki, akapanda basi usiku kucha mpaka Nairobi, halafu wewe unamwashia taa kali usoni unamwambia kula. Zima taa siku ya kwanza yote, mwachie sehemu ya kujificha, na usisimame mbele ya kioo na simu.

Mimi hilo sikulijua. Kangaja wangu bluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni, alijibanza nyuma ya pampu na mimi nikapaniki, muuzaji alikuwa ameniambia jaza tu chakula atazoea, basi asubuhi kamba, mchana kamba, jioni kamba. Yeye hakula hata kipande. Waliokula ni aiptasia. Kama huzijui, ni vianemoni vya kahawia, kila kimoja kama mnazi mdogo umeota kwenye jiwe, ukikigusa kinanywea tunduni, na vinachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajifunga. Baada ya wiki tatu nilianza kuzihesabu, nilipofika 40 nikaacha. Ndiyo maana haya mambo mawili nayaandika pamoja, kile unachomwaga ukimbembeleza mgeni ndicho kinacholisha wadudu.

Sasa kula. Kangaja ni mla mwani, kamba kwake ni kitoweo tu. Chukua nori, ule mwani mkavu wa sushi, uwe mtupu bila mafuta wala chumvi, kata kipande kama nusu ya kiganja, ufunge kwenye jiwe kwa rababendi uliweke chini karibu na pale alipojificha. Wengi wanaubana kwa klipu juu kwenye kioo, sawa, lakini samaki aliyetoka baharini jana anajua kuparuza mwamba, hajui karatasi inayoning'inia. Wangu siku ya nne alitoka kwa ubavu, akalizunguka lile jiwe mara mbili tatu, akarudi kujificha, akatoka tena, kisha akanyofoa kipande kidogo cha pembeni akakitema akakila tena. Hapo nilijua tumemaliza.

Samaki wala nyama wengi huamka wakiona kitu kinachocheza, kwa hiyo angua mayai ya atemia, vile vikamba vidogo sana. Chupa ya soda, maji ya chumvi, pampu ya hewa, joto nyuzi 26 mpaka 28, na baada ya saa 24 hadi 36 wametoka. Zima hewa, mulika tochi upande mmoja wa chini, watakusanyika kwenye mwanga uwavute kwa mpira mwembamba, maganda uyaache. Akishakolea anza kuchanganya na kamba wa friza kidogo kidogo. Samaki kipepeo anayegoma mfungulie kome mbichi ndani ya ganda lake, adonoe mwenyewe. Chakula cha friza kiyeyushe kwenye kikombe halafu ukichuje kwa chujio la chai, ile supu yake inachafua maji tu, imwage. Weka kinachoisha kwa dakika mbili tatu, kilichobaki kivute kitoke. Kuhusu kitunguu thomu watu wanaapa nacho, mi nimejaribu sikuona tofauti.

Ila tumbo likibonyea, akihema mbiombio, au akitoka vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, hiyo si hamu ya kula tena, ni ugonjwa, na utibiwe kwenye tanki la pembeni. Dawa ya shaba usiithubutu kwenye tanki la matumbawe, itaua kamba na matumbawe yote. Kwa kweli kila samaki mpya angekaa pembeni wiki 4 hadi 6 kwanza.

Tukija kwa aiptasia, usizikwangue kwa kisu. Kipande kidogo kikibaki kinaota upya, unapanda shamba. Zima pampu zote, changanya chokaa safi ya kalsiamu haidroksaidi na maji kidogo iwe uji mzito, ufunike mdomo wake taratibu kwa sirinji kabla haijanywea, subiri kama dakika 15 ndo uwashe. Vaa glavu na miwani, ile chokaa inaunguza, na fanya chache kwa siku maana inapandisha pH. Na jamani msichemshe mawe ya tanki jikoni, kuna matumbawe laini yenye sumu ambayo mvuke wake umelaza watu hospitali.

Minyoo yenye miiba iache, inasafisha mabaki, ila usiishike mkono mtupu. Minyoo bapa ile myekundu ivute kwanza kwa mpira iliyo mingi kabla ya dawa yoyote, ikifa kwa pamoja inatoa sumu, uwe na kaboni ya kuchujia na maji mapya ya chumvi tayari. Kaa mharibifu mtegee dema: kata shingo ya chupa uigeuze iingie ndani, tia kipande cha kamba, iache usiku.

Kuna kipepeo wa huku kwetu mwenye kitambaa cheusi machoni ambaye anakula aiptasia vizuri sana, shida akizimaliza anahamia kwa matumbawe yako, kwa hiyo mimi nimebaki na sirinji. Ziko tatu nyuma ya pampu, sindano haifiki, na kangaja siku hizi ananifuata kioo kizima akidhani nimeleta nori.