Maji Kwanza, Miche Baadaye: Kuanzisha Bustani ya Kudumu Dodoma

Anayetaka kuanzisha bustani ya kudumu hapa Dodoma, ambako mvua huja msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, asianze kwa kununua miche, bali aanze kwa kujua maji hupita wapi kiwanjani mwake mvua inaponyesha. Mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, chimba makinga maji yanayokatisha mteremko kwa usawa, na udongo uutupe upande wa chini, ili ile mvua kubwa ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida hukimbilia korongoni pamoja na udongo wetu mwekundu, isimame na kuzama.

Matuta ya kuinuka hukauka upesi mno kwa upepo wa kiangazi. Kwa maoni yangu, vitanda vilivyozama kama sentimita 20 vinafaa zaidi, vikitiwa samadi iliyooza na kufunikwa kwa mabua ya mtama au uwele. Nakusihi usiyachome mabua hayo. Yaweke tu mbali kidogo na mashina, kwa kuwa mchwa huyafuata.

Panda mlonge upande wa magharibi ili ukinge jua la alasiri, na mbaazi mashariki, unakotoka upepo. Ukikuta kisiki hai cha mti wa asili, usiking'oe: chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, upogoe mengine, kwa sababu mizizi yake tayari imekwisha kufika kwenye unyevu ambao mche mpya utautafuta kwa miaka.