Kabla hujalipia mche wa iliki kagua hivi

Wadau, niliwahi kuuziwa mche nikaambiwa ni iliki, nikaumwagilia miaka miwili, kumbe siyo kabisa, ndo maana naandika hii ili mwingine asipoteze muda na hela.

Kwanza chuma kipande cha jani, ukifikiche alafu unuse. Iliki ni ya familia ya tangawizi, wataalamu wanaiita Zingiberaceae, na mimea yake mingi inanukia mpaka majani, kama husikii kitu shtuka. Alafu cheki majani yamekaaje, yanatakiwa yatoke pande mbili tu, huku na huku, kama manyoya kwenye unyoya wa kuku. Ule wangu majani yalizunguka shina kama ngazi ya mnara, harufu hakuna. Ulikuwa wa familia nyingine, Costaceae, ambao zamani walihesabiwa humuhumu kwenye tangawizi wakaja kutengwa, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi sana. Na lile shina la tangawizi ni maganda ya majani yamekumbatiana kama mgomba, na mgomba ni ndugu kweli, wako oda moja, yaani kundi kubwa linalobeba familia kadhaa, linaitwa Zingiberales.

Tangawizi ina majani membamba, tunguu lake, lile shina nene la chini ya udongo, ukivunja ndani njano ya kupauka. Manjano majani mapana, ndani rangi ya chungwa na inang'ang'ania vidoleni. Iliki usihangaike kuchimba, angalia maua, yanatoka chini kabisa karibu na udongo na iliki zenyewe zinabeba hukohuko. Inataka kivuli na unyevu kama misitu ya Amani kule Usambara, juani utaiua.

Sasa majina, hapa ndo watu wanaumia. Ukisema binzari mmoja anakupa manjano, mwingine unga wa mchuzi, ukiongeza nyembamba unapewa jira, ambayo ni ya ukoo wa karoti na giligilani, hapa haimo. Andika kwenye karatasi uende nayo: tangawizi Zingiber officinale, manjano Curcuma longa, iliki Elettaria cardamomum. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, linaanza na herufi kubwa, la pili spishi, yaani aina yenyewe, herufi ndogo. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Amomum zingiber usichanganyikiwe, ndo tangawizi hiyohiyo, mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita hivyo 1753, jina la sasa lilitolewa na mwenzake Roscoe 1807.

Mimi siku hizi iliki nachukua chipukizi tu, ling'olewe pembeni ya shina mama lenye matunda, nikiwa nimesimama palepale naona.