Land Cruiser ikitetemeka kwenye 80: kagua propela kabla ya kufungua pochi

Nilivuka daraja la Pakwach nikielekea nyumbani Arua, lami tupu mbele yangu. Mshale ulipogusa 75, Land Cruiser yangu kuukuu, HZJ75 ya springi za majani mbele na nyuma, ikaanza kunguruma chini ya kiti. Kwenye 80 kioo cha ndani kikatetemeka hata picha ikawa ukungu mtupu. Kwenye 95 ikatulia.

Nikafanya kosa la wengi: nikabalansi magurudumu. Mara mbili, kwa pesa. Mtetemo ukabaki pale pale.

Ningepiga hesabu kwanza ningejua. Tairi ya 7.50R16 hutembea takribani mita 2.5 kila ikizunguka mara moja, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa inazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Difu yangu ni ya 4.1, maana yake propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli, huzunguka mara 4.1 kila gurudumu likizunguka mara moja: karibu mara 36 katika sekunde hiyo hiyo. Gurudumu bovu linakupigapiga, mara nyingi kwenye usukani. Propela inavuma, nawe unaisikia makalioni na kwenye sakafu.

Injini nayo uiondoe kwenye orodha. Barabara ikiwa tambarare na haina watu, fika 80, kanyaga klachi, weka gia huru, ila ufunguo usiuguse. Mvumo ukiendelea, injini haihusiki.

Kisha ingia chini na ndoo ya maji. Sicheki. Udongo mweusi wa Karamoja ukikaukia upande mmoja wa propela unatosha kukutikisa safari nzima, na nimeshamwona mtu akinunua spaida mpya (kiungo cha msalaba kinachoiacha propela ipinde, chenye kikombe cha beringi kila ncha) kwa sababu ya tope. Ukiosha, tafuta pia bonde lililopigwa na jiwe, na alama ya kipande cha chuma cha kubalansi kilichobanduka.

Bado? Ifungue propela ya nyuma. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu hata kama breki ya mkono ni nzima. Kwenye Land Rover za zamani breki hiyo inashika mhimili wa propela nyuma ya gia boksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma), hivyo ukitoa propela ya nyuma haishiki tena magurudumu ya nyuma. Chora alama za rangi kwenye flenchi zote, zile sahani za bolti kwenye ncha, na kwenye pale propela inapoteleza kwa meno. Alama hizo usizipuuze, nitakueleza kwa nini. Gari langu linataka spana mbili za namba 14. Kama propela yako inaingia moja kwa moja ndani ya gia boksi, tega karai, oili itamwagika.

Sasa funga loki za vitovu vya magurudumu ya mbele, ingiza gia ya magurudumu manne, uende ukijaribu kwa kuvutwa na mbele peke yake. Langu lilikwenda laini kama mtumbwi. Basi mgonjwa ni propela ya nyuma au beringi ya pinioni, mhimili mfupi unaoingia kwenye difu. Pinioni nikaishika kwa mkono nikaitikisa juu na chini: haikucheza.

Spaida ndiyo iliyosema. Vumbi jekundu la kutu mdomoni mwa kikombe kimoja, na ukiipinda inakwama katikati. Dalili nyingine ni "tak" unapotoka rivasi kwenda mbele. Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kununua, beba ile ya zamani na mupime kipenyo cha kikombe, maana zinafanana kwa macho tu.

Kuitoa, tumia jiliwa na soketi mbili, usiponde kwa nyundo. Wakati wa kuweka, paka grisi nyingi ili vijiti vya beringi visianguke. Kijiti kimoja kikilala chini ya kikombe, saklipu, pete inayozuia kikombe kisitoke, haitaingia kwenye mfereji wake. Usilazimishe, fungua tena. Ukimaliza, spaida izunguke kwa kidole pande zote.

Yangu ilifungwa gerejini na fundi mmoja, mimi nikinywa chai pembeni. Safari iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mpwa wangu ndiye aliyechungulia akasema, "Mjomba, hizi uma hazitazamani." Uma ni zile pembe mbili za kila ncha ya bomba zinazoshika spaida. Fundi hakuweka alama, akarudisha meno mawili pembeni. Spaida iliyopinda huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, na ile ya upande wa pili hufuta kosa hilo ikiwa tu uma mbili za bomba zimelala mstari mmoja. Zisipolala, kosa linaongezeka.

Tulipozirudisha, mvumo ulipungua lakini haukuisha. Nilikuwa nimeongeza majani mawili ya springi kwa ajili ya magunia, na nyuma ilikuwa imeinuka. Weka simu yenye kipimo cha pembe kwenye uso wa flenchi ya gia boksi ndogo, kisha kwenye ya pinioni. Ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja. Yangu ilikuwa tatu. Kabari nyembamba za chuma kati ya springi na kiti cha ekseli zikairekebisha. Usiweke za alumini, zinapondeka. Wala usitamani propela inyooke kabisa: spaida isiyopinda hata kidogo hailainiki, vijiti vyake huchimba palepale vilipo.

Grisi: pampu mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kwenye sehemu inayoteleza pampu mara mbili tatu tu, ukijaza sana propela inakosa nafasi ya kurudi.

Niliposimama Nebbi nilizikaza tena bolti zote nane. Mbili zilikubali robo mzunguko.