Rangi au stika kwenye basi la kuishi? Kaulize bati kwanza

Watu wanaogeuza basi kuwa nyumba wakinijia na swali hili, wengi wameshachagua hadi mwonekano: kijani iliyofifia, mstari wa krimu chini ya madirisha, na mlima umechorwa nyuma. Mimi nataka kuliona bati kwanza. Stika ya vinaili, karatasi ya plastiki yenye gundi ya kuvalisha bodi, ina unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi, yaani haizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Kilicho chini yake kitaonekana chote. Bonde, uvimbe wa kutu, mikwaruzo ya msasa, hata chembe moja ya mchanga: jua likipiga ubavuni utaviona vyote, tena vikiwa vimeng'aa.

Kwa hiyo osha basi zima kwa sabuni inayokata mafuta, liache likauke, kisha lizunguke na bisibisi mkononi. Chokonoa juu ya matao ya magurudumu, chini ya fremu za madirisha na kwenye ukingo wa chini wa bodi. Pakitoboka, usizungumzie rangi wala stika. Hapo ni kukata na kuchomelea.

Sasa ipime rangi ya zamani. Chukua wembe, chora mistari inayokatana upate viboksi vidogo vya milimita mbili mbili, bandika mkanda wa gundi kali, usugue kwa kucha, halafu uvute mara moja. Rudia sehemu kadhaa, kwa sababu ubavu unaokaa juani haufanani na ule wa kivulini. Mkanda ukiondoka na viboksi, sahau stika. Gundi yake haishiki bati, inashika rangi hiyohiyo inayomenyuka, na siku ya kuibandua utabaki na ukurutu.

Ukifika kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia bati, ndipo mambo yanapokuwa magumu. Basi la bodi ya zamani lina ribiti kwa mamia, pamoja na reli za chuma ubavuni. Stika inapopita juu ya ribiti hujenga hema dogo lenye hewa ndani. Inabidi utoboe kwa sindano, upashe moto, ukandamize kwa brashi laini kwa kuzungusha, kisha uende ribiti inayofuata. Stika ya bei nafuu haiwezi kazi hii. Hiyo hutengenezwa kwa kupitishwa moto kati ya rola ikivutwa, na maisha yake yote hutamani kurudi ilikotoka: kingo zinarudi nyuma, kwenye ribiti inanyanyuka. Omba ile ya kumiminwa ikiwa majimaji, ambayo ni nyembamba na tulivu zaidi. Hata hiyo, kila ulipoivuta lazima uipashe tena hadi karibu nyuzi 90 za Selsiasi ili isahau umbo la awali. Fundi asiyekuwa na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, mimi simpi basi.

Juu ya paa usiweke stika kabisa. Pale jua linapiga wima na maji yanatuama. Stika ambayo ubavuni ingedumu miaka mitano hadi saba, juu haifiki huko. Paa lipake rangi nyeupe ya mpira ya kuakisi jua. Utalala vizuri zaidi, na viungo vya bati vitapata kinga ya ziada.

Mimi basi la kuishi nalipiga rangi, na sababu kubwa si uzuri. Basi la kuishi haliishi kutobolewa. Leo unaweka feni, kesho bomba la maji, mwakani unaziba dirisha moja kwa bati. Na linapita chini ya matawi. Mkwaruzo kwenye rangi unasugua, unapiga praima, yaani rangi ya msingi, unapaka. Kwenye stika unabadilisha kipande kizima, kiungo hadi kiungo, na kipya hakifanani na kilichochuja.

Ukichagua rangi, kazi iko kwenye maandalizi. Ondoa silikoni yote ya zamani, ile ya kuzibia nyufa na madirisha. Palipobaki hata utando wake, rangi itajikusanya na kuacha vitobo. Sugua kwa msasa namba 180, malizia na 320, piga praima ya epoksi palipo bati tupu siku hiyohiyo, kabla kutu halijaanza upya. Usipake bati likiwa na umande, au jioni linapoanza kupoa. Rangi ya mafuta kwa rola ya sponji, ikifuatwa na brashi laini, inatosha kabisa kwa mtu asiye na kompresa. Matabaka mepesi matatu yanashinda mawili mazito. Rangi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni ngumu na inang'aa kuliko hiyo, lakini hadina nyingi za aina hiyo zina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inahitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, mpe mwenye chumba cha kupulizia.

Stika ina nafasi yake: rangi ya chini ni nzima, bodi ni laini, na unataka michoro ambayo siku moja utaiondoa. Roli huwa na upana wa sentimita 152, kwa hiyo ubavu chini ya madirisha mara nyingi unaenea bila kiungo cha mlalo. Kiungo kikihitajika, bandika kipande cha chini kwanza ili cha juu kikilalie na maji yateremke. Viungo vya wima anza nyuma kuja mbele, upepo usipate pa kuingilia. Kama umepiga rangi mpya chini, ngoja wiki kadhaa itoe mvuke wake, la sivyo mapovu yatainuka. Weka akiba ya roli hiyohiyo.

Kabla ya yote mawili, soma kadi ya gari. Kama rangi imeandikwa humo, huenda ukatakiwa kuripoti mabadiliko, hata ya stika. Matundu yote ya feni, madirisha na nyaya yatoboe sasa, kingo zipigwe praima. Ukishavalisha stika, mashine ya maji ya presha isikaribie viungo chini ya sentimita 30.